Picha Mbili Kwenye Bango

Sogea karibu, msomaji, nikuulize jambo dogo. Mara ya mwisho ulipoona tangazo lenye picha mbili, moja ya "kabla" na nyingine ya "baada", ulitazama nini kwanza? Usiharakishe kunijibu. Nisikilize kwanza.

Mdogo wangu alikuwa anakaribia kuolewa. Mama alituletea singo kutoka Mombasa, ule unga wa liwa na maua ambao bibi harusi wa kwetu husuguliwa mwilini kabla ya harusi. Ulikaa mezani kwenye fleti yetu ya Parklands, na mdogo wangu hakuugusa. Macho yake yalikuwa kwenye bango moja la Westlands alilolipita kila asubuhi akienda kazini: mwanamke mmoja, picha mbili, uso mweusi wenye huzuni na uso mweupe unaong'aa. Katikati, mkebe wa krimu.

"Dada, singo ni ya kina nyanya," aliniambia. "Picha za harusi zinakaa milele. Unataka watoto wangu waulize huyu ni bibi harusi ama mpishi mwenye masizi?"

"Mpishi gani? Wewe hata chai unaunguza."

Alicheka, lakini nia yake haikuyumba. Jumamosi angeenda kununua ile krimu. Niliogopa, kwa sababu mwenzake wa ofisini alitumia krimu ya aina hiyo akachubuka mashavu. Nilipomkumbusha, alinijibu kwamba huyo aliuziwa feki. Kadiri nilivyomkemea ndivyo alivyozidi kuitetea, kana kwamba krimu ni ndugu yake nami ni jirani mbaya.

Nikaacha kukemea. Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo katikati ya jiji, na najua taa moja ikikaa vibaya humzeesha mtu. Ijumaa nilimwita studio, nikamwambia tujaribu picha chache kabla ya harusi.

Kwanza nilimketisha chini ya taa ya dari peke yake, nikamwambia ashushe kidevu na asicheke. Nikapiga. Kisha nikamgeuza aelekee dirishani, nikamwekea shuka jeupe mapajani ili nuru irudi usoni, nikaongeza mwanga kwenye kamera, nikamtajia tena ile chai. Akacheka. Nikapiga.

Nikaziweka zote mbili kwenye kompyuta.

"Hii ya pili umeweka filta," akasema.

"Wallahi sijaweka kitu."

"Na hii ya kwanza? Chini ya macho ni kama nimepigwa!"

"Ni kivuli tu cha taa ya juu. Sasa fikiria nimechora mkebe hapo katikati."

Aliweka kidole katikati ya zile picha. "Kwa hivyo ile krimu haifanyi kitu?"

"Kama inafanya ama haifanyi, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba zile picha za bango haziwezi kukuambia. Wameziweka pamoja, na mkebe katikati, halafu hadithi tukaimalizia wenyewe."

Alirudi kuiangalia ile picha ya kwanza, safari hii akiinama karibu na kioo cha kompyuta.

"Lakini dada, hata hapa mimi si mbaya. Nimenuna tu."

"Umenuna sana."

"Sasa nani aliniambia huyu ndiye wa kurekebishwa?"

Swali hilo lilikuwa bora kuliko yote niliyomhubiria nyumbani, na alilifikia mwenyewe. Tangazo la namna ile huanza kwa kutushawishi kwamba tuna kasoro, ndipo lituletee dawa. Jumamosi ilipofika hakwenda dukani. Aliniambia tu kwamba siku ya harusi nimsimamishe karibu na dirisha, na nisithubutu kumpiga picha chini ya taa ya juu.

Basi ukikutana tena na picha mbili za namna hiyo, ziba maandishi na bidhaa kwa kiganja chako. Tazama mwanga unatoka upande gani katika kila picha, tazama nani anatabasamu na nani amenyimwa tabasamu. Ukishamaliza, ndipo uondoe mkono usome.