Anataka Nisome Tanzia Yake

Admin, jina langu lifiche, miji iache ilivyo. Mimi ni mama wa miaka sitini na tisa, mjane, nakaa Moroni lakini kwetu ni Mutsamudu, kisiwa kingine. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilikulia Zanzibar, na pia sitaki majirani wasome haraka. Nina hasira ya miaka mingi na sasa naambiwa niimeze.

Enzi za mamluki, wale Wazungu waliopindua serikali kisha wakabaki kuwa walinzi wa rais, nilikuwa msomaji wa habari redioni Moroni. Televisheni hatukuwa nayo bado. Bosi wetu ndiye aliyepanga vipindi na kuamua nani asikike na nani akachemshe kahawa. Mtanashati, mjanja, na mbele ya Wazungu hao alikuwa anatetemeka. Habari zao zote alitaka nizisome mimi, eti sauti yangu inachangamka. Baadaye akawa mkubwa wa habari wa televisheni, na vijana wanamwita baba wa utangazaji. Baba gani!

Kwetu mtu akifa redio hutangaza ili ndugu wa visiwa vingine wajue, maana maziko hayangoji. Tanzia hizo nazo nilizisoma mimi.

Siku moja kulikuwa na gwaride la walinzi, nami nikashinda studio nikilitangaza. Bosi alisimama nyuma ya kioo akinipungia mkono nichangamke zaidi. Nikachangamka. Nikatania, nikacheka hewani. Nilipotoka akanishika bega.

"Kazi nzuri, mwanangu. Sasa nenda nyumbani, baba yako amefariki."

"Lini?"

"Asubuhi. Nadhani wameshazika."

Nilikaa chini pale pale kwenye korido. Nilipata ndege ya Mutsamudu baadaye, nikapita vichochoro vya mjini nikilia. Kaka yangu mkubwa alikuwa mlangoni, hakunipa mkono.

"Nilipiga simu mwenyewe," akasema. "Bosi wako akanijibu umeshaambiwa, na umesema tuzike tu, una kazi. Tumemtoa baba ndani, na kwenye redio ya jirani wewe unacheka."

Niliapa wallahi sikuambiwa. Hakuniamini. Nani aamini kwamba mtu mzima na suti yake atazua uongo juu ya maiti?

Niliporudi Moroni nilimfuata bosi ofisini. Hata hakukana.

"Ungelia, na Wazungu walikuwa wanasikiliza. Ulitaka tufungwe sote?"

"Basi mwambie kaka yangu ukweli."

"Yatapita," akasema, akaendelea kupanga vipindi vyake.

Hayakupita. Mama amekufa akiamini mimi ndiye niliyesema wazike tu. Kaka sasa ni mzee wa mkongojo, na nikiingia barazani ananyanyuka anatoka. Wajukuu zake wananiuliza nimemfanya nini babu yao.

Juzi binti wa yule bosi alikuja kwangu na boksi la biskuti. "Mama, baba yu taabani. Anasema siku yake ikifika, tanzia asisome mtu mwingine ila wewe."

Nilimjibu, "Ewa, nitasoma. Lakini kwanza ampigie kaka yangu simu, aseme kweli."

Alirudi kesho yake macho chini. "Baba anasema mambo ya zamani tuyaache, wewe ni mtu wa dini."

Leo ndiyo ameikumbuka dini yangu! Na msidhani amepoteza fahamu. Binti mwenyewe ananiambia hapo kitandani anawakosoa watangazaji wa televisheni mmoja mmoja, nani anasoma haraka, nani kavaa vibaya.

Wanangu wanasema, "Mama, msomee tu, atakuwa ni maiti." Namchukia, sifichi. Nikikataa kabisa, anakufa, na hakuna mwingine duniani anayeweza kumwambia kaka yangu ukweli. Nikikubali bila ile simu, kaka yangu, ambaye redio haizimwi kwake, atasikia sauti yangu inamtangaza kwa huzuni mtu huyu, wakati baba yangu mwenyewe alizikwa nikicheka.

Ndugu zangu mnaonisoma, nifanye nini kabla hajakata roho? Nipeni shauri lolote, ila msiniambie yatapita.