Tulipouchoma Mrija wa Baba

Shauri la kuuchoma lilikuwa la mama. Mimi, niliyerudi likizo kutoka chuo kikuu kule Kampala nikijigamba kwamba nahoji kila kitu, sikulihoji. Kwetu, upande wa Chwele, wanaume hunywa pombe ya busaa wakiuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Asiye na mrija haketi. Tukadhani tumemponya baba ulevi.

Hatukufikiri kwamba pale mtungini walikuwapo wenzake wa kumwambia leo inatosha. Sasa akaiendea chang'aa, pombe kali isiyohitaji mrija wala mwenzi. Likizo haijafika nusu, mikono yake ikawa inatetemeka kabla ya chai ya asubuhi.

Kisha mtamba wa mjane jirani yetu akapotea. Siku hiyo alfajiri nilikuwa nimemwona baba akimvuta ng'ombe kuelekea sokoni. Nilijiambia ni ukungu.

Kesho yake askari wa chifu akaja kwetu akimkokota kwa kamba jirani mwingine, mchungaji wa ng'ombe aliyefukuzwa shamba la mzungu kule Endebess. Hana kazi, basi ndiye mwizi. Askari alitaka tu kuthibitisha wanaume wengine walikuwa wapi. Baba akasema alikuwa kitandani, mgonjwa.

"Ugonjwa wa chupa," askari akacheka. Akanigeukia. "Wewe ndiye msomi hapa, bwana. Sema, niandike. Mzee alikuwa nyumbani ama hakuwa?"

Mama alikuwa ameshaninong'oneza mlangoni niseme alilala. Mchungaji hakuniomba kitu. Alinitazama tu.

"Baba," nikasema, "ulimuuzia nani?"

Kuku waliendelea kuchakura. Baba alitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Mchinjaji," akasema. "Yule wa karibu na josho."

Askari akamfungua mchungaji. Mama akaleta koti la baba, akamfunga vifungo kimoja kimoja kwa sababu yeye hangeweza, na wote wakamngojea amalize. Askari na baba walipoteremka barabarani ndipo mama akasema nami.

"Ungeniuliza mimi kwanza. Ningemwambia aende mwenyewe kwa chifu."

"Angeenda, mama?"

Akaingia jikoni. Mchungaji alikuwa bado amesimama uani akijisugua vifundo vya mikono. Akaniomba maji. Nilimletea kikombe, na mikono iliyotetemeka ilikuwa yangu.