Sentimita Ajifunza Gari Upya

Dereva wa gari la wagonjwa pale zahanati aliitwa Sentimita, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa akilipenyeza gari kati ya kuta mbili huku akipiga soga, wakati wewe uliyekaa kando yake umeshafumba macho unasali. Miaka kumi na tisa hakuwahi kukwaruza hata bampa. Kisha siku moja gereji, kipande cha chuma kikaruka, kikampofua jicho la kushoto.

Watu hudhani kupoteza jicho moja ni kuona nusu. Laiti ingekuwa hivyo! Kinachopotea ni kujua kitu kiko karibu au mbali. Sentimita alimimina chai nje ya kikombe. Alishika hewa akitafuta kitasa cha mlango. Bosi wa magari hakuwa mtu mbaya, ila maneno mazito aliyasema huku akitazama karatasi zake.

"Nakupa miezi miwili. Utapita katikati ya mapipa pale uani, uingie gereji kinyumenyume bila kugusa kitu. Ukishindwa, nitakuweka getini."

Getini! Amfungulie dereva mwingine, tena akiwa ndani ya gari lake! Sentimita alirudi nyumbani akiwa hasemezeki.

Mkewe, fundi cherehani, hakulia wala hakumpa pole. Aliazima gari la jirani muuza mikate, lililokaribiana kwa umbo na lile la zahanati, akabeba ndoo mbili mpaka uwanja mtupu nyuma ya ghala. Kila alasiri aliweka ndoo mbele ya gari, Sentimita akasogea mpaka alipodhani ameifikia, kisha akashuka kutazama. Siku ya kwanza zilibaki hatua sita. Siku ya pili aliiponda.

"Acha kukisia, baba," mkewe alimwambia. "Mimi kitambaa sikikisii, napima."

Basi wakapima. Sentimita akabandika utepe kwenye kioo cha mbele, usawa wa mahali tairi la kushoto linapokanyaga. Akajua kwamba ndoo ikishafichwa na boneti, bado iko hatua nne mbele. Akajua gari linaishia wapi nyuma, na wakati gani wa kuzungusha usukani. Wiki ya saba mwanamume alianza tena kupiga mluzi.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani, akirudi kinyumenyume, alisikia kitu kimegonga ubavuni, upande wa kushoto.

"Nini hicho?"

"Ndoo tu," mkewe akajibu. "Endelea, unapatia."

Kesho yake alipita katikati ya mapipa kama uzi kwenye tundu la sindano. Wenzake wakampigia makofi. Bosi akaweka karatasi chini, akampa mkono. Sentimita alirudi nyumbani nusura akimbie.

Alimkuta mkewe amelala mchana kweupe, mwili unachemka, mkono wa kulia, aliouficha ndani ya khanga tangu jana, umevimba kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

"Niliteleza bafuni," mkewe akasema. "Vipi, umepita?"

"Nimepita. Mama, jana ile haikuwa ndoo."

Mkewe akageukia ukutani. "Nilikuja kuisogeza ndoo. Nilidhani unaniona. Ningepiga kelele, leo ungekwenda na hofu, ungeshindwa."

Sentimita akamwinua ampeleke hospitali. Gari lile alilijua lote, mbele na nyuma, na mke wake aliyesimama ubavuni mwake hakumwona kabisa. Hospitali walisema mfupa umevunjika vibaya, na kwamba vidole huenda visikunjike tena kama zamani.

Asubuhi iliyofuata aliweka ufunguo juu ya meza ya bosi.

"Lakini umepita!" bosi akashangaa.

"Mapipa yamesimama pale pale siku zote, bosi. Huko barabarani watu wanatembea. Niweke getini."

Aliporudi alimweleza mkewe, akitegemea labda atamwambia amefanya vyema. Mkewe aliutazama mkono wake uliofungwa plasta.

"Kwa hiyo mimi nimevunjika bure," akasema.

Sentimita alikaa pembeni ya kitanda. Akauinua mkono ule taratibu, akauwekea mto.