Ufunguzi Niliomchagulia Veronika

Miji mingi nimeikimbia kwa aibu, na sasa naitamani stendi ya Songea.

Veronika alihitaji kumfunga Mzee Saidi wa Tunduru ili aingie timu ya chesi ya mkoa. Nikaandika programu ndogo ichambue mafaili ya michezo ya mzee, itafute ufunguzi, yaani hatua za kwanza za mchezo, unaomwangusha. Ikautaja mmoja, nikamkaririsha Veronika.

Leo, ukumbini Ruhuwiko, kafungwa chai ikiwa bado ya moto.

“Mwanangu, hapo ndipo ninapowafungia wote,” mzee alisema kwa upole. “Nani kakufundisha?”

Ndipo nikang'amua: programu ilihesabu kila ushindi wa kete nyeusi kuwa kipigo cha Saidi, hata pale alipozicheza Saidi mwenyewe.

Veronika alifuta machozi. “Kocha wangu ni yule pale anayekunja nyaya za kompyuta yake haraka haraka.”