Ukungu Nilioupaka Mwenyewe

Jumamosi nilikuwa nikiwafundisha watu wazima uchoraji, huku Kimara, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Siku hiyo niliwaonyesha picha za milima zilizochorwa Ulaya yapata miaka mia mbili iliyopita. Nilieleza taratibu, kama nipendavyo. Kwa wachoraji wale, nilisema, mlima haukuwa mawe na udongo tu. Ulikuwa ishara ya ukuu wa Mungu, udogo wa binadamu, upweke wa roho. Ndiyo maana mtu husimama peke yake kileleni, katupa mgongo, na chini yake ukungu umefunika kila kitu.

"Huyo kapanda kutafuta mtandao," fundi cherehani mmoja akasema. Darasa likacheka.

Kisha kila mtu akachora mlima wake. Mama mmoja mzaliwa wa milima ya Uluguru, ambaye kila wiki nilimwamkia shikamoo kabla ya kumfundisha, alichora mlima uliojaa: matuta ya maharage, migomba, na nyumba ya bati yenye mlango wa buluu.

"Mama, mlima wako hauna ukimya," nikamwambia.

"Ukimya wa nini, mwalimu? Sie mlima tunalima."

Wakacheka tena, na safari hii niliona wananicheka mimi. Nikaichukua brashi mkononi mwake, nikaichovya kwenye rangi nyeupe, nikapaka ukungu kuanzia migombani hadi juu ya bati.

"Umeona? Sasa unapumua."

Na kweli picha ilipendeza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Ahsante, mwalimu," akasema.

Wenzake walipoondoka alibaki. Akanieleza, bila kulalamika, kwamba ile ilikuwa nyumba ya marehemu mama yake. Ilishabomolewa, na hakuna aliyewahi kuipiga picha. Wajukuu walimwomba awachoree waione.

Nililowesha kitambaa, nikajaribu kuuondoa ukungu. Mlango ukatoka nao. Nikampa karatasi nyingine, nikamsihi achore upya. Alishika penseli muda mrefu, kisha akaiweka.

"Mara ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe," akasema. "Acha tu, mwanangu. Nitawaambia ilikuwa asubuhi mno, ukungu haujainuka."

Niliiviringisha picha, nikampa kwa mikono miwili. Usoni sikuweza kumtazama.