Lori la Jumatatu

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, miaka ya tisini, mji wa Garissa ulikuwa umejaa karatasi za nailoni. Zilining'inia kwenye miiba ya kila ua, na mbuzi walizila kwa sababu zilikuwa na ladha ya chumvi na sukari ya dukani. Kwetu ukame ulikuwa umetuachia mbuzi mmoja tu wa maziwa. Mama alikuwa ameugua, titi limekauka, na mdogo wangu ambaye hajatimiza mwaka alilelewa na mbuzi huyo.

Basi tukajikusanya vijana kumi na wawili, wasichana kwa wavulana, mimi nikiwa kiongozi, tukaanza kuokota. Siku ya kwanza upepo ulitucheza shere: rundo ukiliweka huku, linarukia kule. Ndipo nikawaonyesha wenzangu kukunja kila karatasi na kuipiga fundo la mama, lile alilofungia watoto wa mbuzi, la kupitisha ncha mara mbili. Tukalundika zote nyuma ya soko na kuzungushia matawi ya miiba.

Mama alikuja kuangalia. "Choma leo," akasema.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma, bwana! Nilitaka mambo yafuate utaratibu. Nikaandika barua, nikampelekea karani wa baraza la mji.

"Kuchoma hapana," akasema. "Mpaka ruhusa. Lori inakuja Jumatatu, inshallah."

Jumatatu nikaenda. "Dereba ako safari." Jumatatu ya pili, lori halina mafuta. Ya tatu sikumkuta hata karani mwenyewe, nikaambiwa ametoka kidogo tu, nikamsubiri mpaka adhuhuri kwenye benchi. Huku nyuma watu walichomoa miiba yetu tawi kwa tawi, kwenda kuzibia mazizi yao. Nilipiga kelele, nikaonekana mtoto asiye na adabu. Hata hapo sikuchoma. Niliandika barua ya pili, na mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Jumatano mbuzi wetu alirudi akiburura miguu, tumbo limevimba, hataki maji. Mjomba alimwangalia, akaomba kisu, akawahi kumchinja kabla hajawa mzoga. Alipopasua tumbo likatoka bonge la nailoni, gumu, linanuka. Akalitupa chini, likaachana. Nilitamani ziwe karatasi za barabarani, za mtu yeyote. Karibu zote zilikuwa na fundo.

Mama aliokota moja. Alijaribu kuifungua kwa kucha, haikufunguka.

"Fundo hili nilikufundisha mimi," akasema, akaingia ndani kumkorogea mtoto uji wa maji.

Afadhali angenichapa. Nimeshawasamehe wote, hata walioiba miiba, ila ile barua ya pili bado inanichoma rohoni.

Nilichukua kiberiti jikoni, nikaenda nyuma ya soko peke yangu, nikawasha. Moshi haukufika mbali, karani akatokea akihema, koti mkononi, akiuliza ni nani ametoa ruhusa. Wiki tatu alikosa lori la kufika pale. Siku hiyo alikuja kwa miguu.