Tamthilia Niliyomtungia Mama

Nimewahi kutafsiri tamthilia nzima ya Kihindi bila kujua neno hata moja la lugha ile, na mtu akiniuliza kama naona aibu, namwambia sioni. Mimi ni fundi cherehani wa Mlandizi. Kazi yangu ni kushika kitambaa cha mtu na kumwambia kitakuwa gauni, na mara nyingi huwa.

Mama alihamia kwangu kutoka Maneromango macho yalipoanza kumkataa. La kushoto lilizima kabisa, kisha kioo cha la kulia kikaanza kuwa cheupe kama maji ya mchele. Hakuweza tena kulima wala kuchambua mboga, basi kutwa alikaa mbele ya televisheni yangu. Hakuona zaidi ya mwanga unaochezacheza, lakini tamthilia zinazoletwa kwetu, za Kihindi na za Kituruki, zimetiwa sauti za Kiswahili, naye alizisikiliza kama redio. Alimjua kila mtu kwa sauti yake. Ukipita mbele ya televisheni alikufukuza, eti unamzibia.

Hospitali ya nyumbani wakasema jicho lililobaki linahitaji kioo kipya, wakatuandikia barua ya kwenda India. Ukoo mzima ulichanga, wa Kibaha na wa Kisarawe, na hata shangazi ambaye hatusemezani naye alileta chake. Tukapanda ndege mimi na mama, yeye akiwa amenishika mkono wa gauni tangu uwanjani hadi tunafika.

Nyumba ya wageni ya hospitali ilikuwa na sebule, na sebuleni televisheni kubwa kama mlango. Siku ya kwanza mama aliusikia muziki wa tamthilia, akakaa wima, akajifunga khanga vizuri.

"Anasema nini huyo?"

"Sijui, mama. Wanaongea lugha yao."

"Weka ya Kiswahili."

"Huku hakuna ya Kiswahili, mama. Huku ndiko zinakotoka."

Jioni ile hakula, na kesho yake hakula. Siku ya tatu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, nirudishe nyumbani. Huku sioni na sielewi. Kwetu angalau nilikuwa sioni tu."

Nilikasirika. Upasuaji ulikuwa wiki moja mbele, na daktari alishasema hamgusi mtu asiyetaka. Ningeondoka naye, lile jicho lingekuwa limekwisha. Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, na nikiwa pale ndipo nilipokikumbuka kibanda cha video cha utotoni kwangu, Maneromango. Tulikaa kwenye mabenchi, filamu za Kichina zikipita, na juu yake sauti ya mtafsiri ikitueleza kila kitu kwa Kiswahili cha mtaani. Shujaa aliitwa steringi, na kwa sheria ya kibandani steringi hafi. Yule mtafsiri hakuwahi kusoma Kichina popote. Sote tulijua nusu ya maneno ni yake, na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio chake.

Saa kumi jioni nikamketisha mama sebuleni.

"Nimeanza kuwaelewa," nikamwambia. "Sio maneno yote."

Nikaanza. Kulikuwa na binti mwenye huzuni na mwanamke mnene mwenye bangili nyingi. Binti nikamfanya mke, mnene nikamfanya mama mkwe. Mama hajawahi kumpenda mama mkwe wa tamthilia yoyote, kwa hiyo nilimpa roho mbaya ya kutosha: nikamfanya amfukuze binti siku ya mvua, nikampa shamba la mikorosho ambalo hataki wajukuu walirithi.

"India wana mikorosho?" mama akauliza.

"Wanayo, mama."

"Basi huyo ni mchoyo kweli. Mkorosho hauombi hata maji."

Akaomba chakula. Akala wali na dengu, akalalamika pilipili, na furaha niliyoipata kwa lalamiko lile siwezi kuieleza.

Tangu siku hiyo kila saa kumi nilikuwa kazini. Pale sebuleni alikuwepo mama mmoja wa Lubumbashi aliyemleta mumewe, mwenye Kiswahili chao cha Kongo na macho mazima. Siku ya pili alinitazama, akatazama televisheni, akanitazama tena. Nikajua nimekamatwa. Akavuta kiti chake karibu na kuniambia, "Endelea, dada."

Asubuhi ya upasuaji mama alikuwa ametulia kunizidi. Alikuwa ameelezwa kwamba kioo atakachowekewa ni cha mtu wa kule aliyefariki. "Jicho la kwao," akasema, "labda litaielewa lugha yao." Wakati kitanda kinasukumwa akanishika mkono. "Yule binti asirudiane na mumewe kabla sijatoka humo ndani."

"Harudiani naye, mama."

Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Mama akapepesa jicho.

"Ukungu," akasema. "Ukungu mtupu."

Daktari alisema tuvumilie, kioo kipya husafika polepole. Nikaitikia vizuri. Nikawa namtia dawa jichoni kila saa, na kila nikitia namuuliza, naye anajibu ukungu. Siku ya tano ukungu, siku ya saba ukungu. Nyumbani walipiga simu, nikawaambia anaendelea vizuri, na huo ndio uongo pekee wa safari ile ulionichoma.

Siku ya tisa nilikuwa nimechoka. Nilikuwa namlisha mama sebuleni, uso kwake, mgongo kwa televisheni, nikitafsiri kwa kusikia tu. Sijui tamthilia iliisha saa ngapi. Nilisikia sauti nzito, nikadhani ni ya kilio, na nikaendelea na kazi yangu. Mama mkwe sasa amepiga magoti, nikasema. Analia. Anamwomba binti msamaha kwa ajili ya mikorosho.

Mama akausukuma mkono wangu na kijiko.

"Hebu ngoja. Mama mkwe gani ana ndevu?"

Niligeuka. Kwenye televisheni alikuwa amekaa mwanamume wa taarifa ya habari, ndevu zimejaa kidevu kizima. Yule mama wa Lubumbashi akasimama.

"Mama," nikasema, "amevaa nini?"

"Koti. Na tai ya bluu." Akanigeukia polepole, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya sijui miaka mingapi. "Na wewe umekonda. Na ni mwongo."

Nilipiga vigelegele. Mama wa Lubumbashi akapokea, manesi wakaja mbio wakidhani kuna aliyeanguka, wakatukuta tumekumbatiana watatu, dengu imemwagika chini, na mama anasoma rangi za nguo zao mmoja mmoja.

Tuliporudi Mlandizi nyumba ilijaa, wa Maneromango wamekuja, na hata shangazi yule. Mama alikaa katikati na miwani yake mpya, akawasimulia tamthilia aliyoiona India. Bangili, mvua, mikorosho, magoti, vyote. Akaongeza na harusi ambayo mimi sikuitunga, yenye farasi mweupe. Nikafungua mdomo kumsahihisha. Mama akaligeuza kwangu lile jicho la kulia, akanikazia mpaka nikafunga mdomo. Tangu nizaliwe sijawahi kufurahi hivyo kutazamwa vibaya.